Maji ya Tangi la Samaki Yanapungua: Yanakwenda Wapi?

Unatazama tangi asubuhi na kuona maji yameshuka upana wa kidole chini ya yalipokuwa juzi. Sakafu ni kavu, meza ni kavu, samaki wanaogelea kama kawaida. Wengi hukimbilia silikoni papo hapo. Hilo ni kosa, kwa sababu silikoni haishiki kwenye kioo chenye maji, na mara nyingi kioo chenyewe hakina kasoro yoyote. Maji yana njia nne tu za kutoka tangini: yanapaa kama mvuke, yanaruka au kutiririka juu ya ukingo, yanatoka kupitia vifaa, au yanapenya kwenye kioo na maungio yake. Kila njia huacha alama zake. Alama hizo zinasomeka vizuri ukipima kabla ya kushika kitu chochote.

Pima kabla ya kutafuta

Bandika kipande cha utepe wa karatasi wima kwenye kona ya tangi, upande wa nje, na uchore mstari uliolingana na uso wa maji. Andika tarehe na saa. Rudia kila siku saa ileile kwa siku tatu, bila kuongeza maji, pampu zote zikiendelea kufanya kazi, maana katika mifumo mingine kuzima pampu kunabadilisha kimo cha maji. Kipimo cha siku moja hakitoshi. Siku moja ya upepo mkavu inaweza kukudanganya kabisa.

Kisha geuza milimita kuwa lita. Zidisha urefu wa tangi kwa upana wake, vyote kwa sentimita, halafu gawanya kwa 1,000. Jibu ni lita zinazopotea kila maji yanaposhuka sentimita 1. Tangi la sentimita 80 kwa 35 lina lita 2.8 katika kila sentimita, yaani lita 0.28 katika kila milimita. Likishuka milimita 4 kwa siku, limepoteza lita 1.1 hivi.

Sasa linganisha na tone. Matone 20 ya kawaida hufanya karibu mililita 1. Tone moja kila sekunde mbili ni mililita 90 kwa saa, zaidi kidogo ya lita 2 kwa siku. Kwa hiyo kama tangi hilo linapoteza lita 2 kupitia tundu, mahali fulani pana tone linaloanguka kila sekunde mbili, usiku na mchana, na kwa kawaida utaliona au utakanyaga maji yake. Tone moja kila sekunde kumi ni jambo jingine: ni chini ya nusu lita kwa siku, na mbao za kabati zinaweza kulinywa na kulikausha bila sakafu kulowa. Mvujo wa namna hiyo ndio unaodumu miezi, hadi siku ubao wa kabati unapovimba na kupinda. Pitisha kiganja chini ya meza na nyuma ya kabati. Mbao zilizovimba, rangi iliyobanduka na harufu ya ukungu husema mengi kuliko sakafu.

Mvuke, mshukiwa wa kwanza

Tangi la wazi lenye maji ya vuguvugu, ndani ya nyumba, kwa kawaida hupoteza milimita 2 hadi 7 kwa siku bila kasoro yoyote. Kinachoongeza kasi ni maji kuwa na joto kuliko hewa, hewa kuwa kavu, upepo kupita juu ya maji, na uso wa maji kuchafuka kwa mapovu. Feni iliyoelekezwa kwenye tangi inaweza kuongeza upotevu huo maradufu au zaidi. Kiyoyozi hukausha hewa, na hita ya chumba hufanya hivyohivyo. Ndiyo maana tangi lililotulia miezi yote huanza “kuvuja” majira yanapobadilika. Likifunikwa kwa kioo kinachokaa sawasawa, upotevu hushuka, mara nyingi hadi chini ya milimita 1 kwa siku.

Jaribio la kwanza basi ni rahisi mno: funika tangi kwa siku mbili. Plastiki ya jikoni inatosha, ukiacha mwanya mdogo ili samaki wapate hewa. Upotevu ukipungua sana, ni mvuke. Ukibaki uleule, endelea kutafuta.

Kuna hesabu moja tunayoipenda kwa sababu haihitaji kifaa chochote. Kugeuza lita 1 ya maji ya nyuzijoto 25 kuwa mvuke huhitaji karibu kilojuli 2,440 za joto. Ukizigawa kwa saa 24, ni sawa na wati 28 zinazotumika mfululizo. Mvuke wa lita 8 kwa siku, basi, unahitaji zaidi ya wati 220. Kama chumba ni baridi kuliko maji, jua halipigi tangi, hita yako ni ya wati 100, na taa na pampu kwa pamoja hazifiki wati 50, joto hilo halina pa kutoka. Maji yangekuwa yamepoa. Ikiwa kipimajoto bado kinasoma 25 kama kawaida, sehemu kubwa ya zile lita 8 haikupaa.

Jaribio la bakuli ndani ya tangi

Watu wengi huweka ndoo ya maji pembeni mwa tangi na kulinganisha. Ndoo inapotosha: maji yake ni baridi kuliko ya tangi, kwa hiyo yanapaa polepole, na tangi zima litaonekana kama linavuja. Weka chombo ndani ya tangi lenyewe. Chukua bakuli la plastiki lenye kuta zilizosimama wima, tia mawe safi ndani ili litulie, liweke juu ya kitu imara ndani ya tangi hadi mdomo wake utokeze sentimita 2 tu juu ya maji. Lijaze hadi maji ya ndani yalingane na ya nje. Chora alama mbili, ya bakuli na ya tangi, na usubiri saa 24 hadi 48.

Vyote vikishuka sawa, ni mvuke. Tangi likishuka zaidi ya bakuli, tofauti hiyo ndiyo inayopita kwingine. Usitie maanani tofauti ya milimita moja, kwa kuwa maji ya tangi yanatikisika na ya bakuli yametulia. Mdomo wa bakuli usizidi sentimita hizo 2. Ukiwa mrefu unakinga upepo na matokeo yanaharibika.

Chumvi haipai

Kwa tangi la maji ya bahari kuna ushahidi bora zaidi. Mvuke huondoka peke yake na kuacha chumvi nyuma; mvujo huondoka na chumvi yake. Tuseme mfumo una lita 100 na kiwango cha chumvi ni 35, yaani gramu 35 katika kila kilo ya maji. Lita 5 zikipaa, kiwango hupanda hadi karibu 36.8. Lita 5 zikivuja, kinabaki 35. Ukishajaza tena kwa maji yasiyo na chumvi, mambo yanageuka: aliyepoteza kwa mvuke anarudi 35, aliyepoteza kwa mvujo anashuka hadi 33 na kitu. Hivyo chumvi inayoshuka wiki baada ya wiki, wakati unaongeza maji matupu tu, ni dalili nzito kwamba maji ya chumvi yanatoka mahali. Kabla ya kulaumu kioo, kumbuka kikombe cha kichujio cha povu (kifaa kinachotoa uchafu wa maji kwa mapovu), ambacho nacho hutoa maji ya chumvi kila unapokimwaga, na magamba meupe ya chumvi yanayojijenga kwenye ukingo.

Kwenye maji yasiyo na chumvi tumia kipimo cha madini yaliyoyeyuka. Maji yaliyosoma 250 yakipungua kwa sehemu moja ya kumi kwa mvuke, yatasoma karibu 278. Hapa uwe na subira, maana chakula cha samaki na mawe ya chokaa navyo hupandisha namba hiyo. Kinachotafutwa ni kama imepanda kwa kiasi kinacholingana na maji yaliyokosekana.

Wenye mfumo wa kujaza maji wenyewe wako katika hatari ya pekee. Kimo cha maji hakishuki kamwe, kwa hiyo mvujo hauonekani. Chora alama kwenye chombo cha akiba na uandike kinatumia lita ngapi kwa wiki. Kikianza kuisha kwa siku nne badala ya saba bila hali ya hewa kubadilika, chukua tochi.

Juu ya ukingo

Mapovu ya jiwe la hewa yakipasuka hurusha vitone vidogo, na vitone hivyo vikikauka huacha madoa meupe kwenye mfuniko, ukutani na juu ya kabati. Punguza hewa au lisogeze jiwe mbali na ukingo. Mfuniko uliopitiliza nje ya fremu hukusanya mvuke chini yake, matone yakatembea hadi pembeni na kudondoka nje. Tatizo ni pale mfuniko unapokaa, si kwenye kioo.

Maji pia hupanda. Kipande cha sufi ya filta kilichoning'inia juu ya ukingo, jani lililolala nusu ndani nusu nje, waya wa kipimajoto, hata utando wa mwani: vyote vinaweza kunyonya maji na kuyashusha upande wa pili tone kwa tone. Waya za umeme ndizo za kuangaliwa kwanza. Kila waya unaotoka tangini ushuke chini ya kiwango cha soketi, kisha upande kuifikia, ili tone lidondoke kwenye mpindo na lisiingie kwenye umeme.

Usisahau pia paka.

Vifaa

Hapa ndipo mvujo halisi hupatikana mara nyingi zaidi, na hapa ndipo pa kutumia muda. Filta ya nje inayokaa kabatini, ile yenye kopo lililofungwa na mipira miwili, ina angalau sehemu tano za kuvuja: oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya kichwa, vali mbili, na maungio ya mipira. Usiizime kwa siku nzima ili kujaribu. Bakteria waliomo hukosa oksijeni ndani ya kopo lililofungwa, na maji yatakayorudi tangini yatakuwa machafu. Iache ikifanya kazi. Ikaushe kabisa, isimamishe ndani ya beseni kavu lililotandikwa karatasi, na funga kipande cha tishu kuzunguka kila kiungo. Rudi baada ya saa sita. Tishu iliyolowa iliyo juu kuliko zote ndiyo inayokuonyesha mahali. Za chini zimelowa kwa sababu maji yameteremka.

Oringi huvuja kwa sababu ndogo sana. Unywele mmoja, punje ya mchanga iliyobaki kwenye mfereji wake, au mpira uliojipinda wakati wa kufunga baada ya usafi. Ndiyo maana filta nyingi huanza kuvuja siku ileile zilipooshwa. Itoe, ifute, pitisha kidole kwenye mfereji wote, ipake safu nyembamba ya grisi ya silikoni. Usitumie mafuta ya kupaka mwilini yatokanayo na petroli, kwani huvimbisha na kulainisha aina nyingi za mpira. Oringi iliyobonyea na kuwa bapa haina dawa, ibadilishwe. Mpira wa maji uliokakamaa kwenye kiungo unaweza kukatwa sentimita 2 au 3 na kusukumwa upya, mradi urefu unatosha.

Filta inayoning'inia mgongoni mwa tangi ina ugonjwa wake. Sponji ikiziba, maji hupanda ndani ya sanduku na kutafuta njia nyingine, mara nyingine nyuma, kwenye ukuta. Ioshe sponji kwa maji yaliyotolewa tangini, na uhakikishe sanduku halijainamia nje.

Pampu ya hewa huleta upotevu wa ghafla. Ikiwa imewekwa chini ya kiwango cha maji na umeme ukakatika, maji yanaweza kurudi kupitia mrija, yakaingia kwenye pampu na kumwagika. Ukiona tangi limeshuka sentimita kadhaa usiku mmoja wa kukatika umeme kisha likatulia, anzia hapo. Dawa ni vali ya njia moja kwenye mrija, au kuiweka pampu juu ya uso wa maji. Kabla ya kuifunga vali ipulize kwa mdomo: hewa ipite kuelekea tangini na ikatae kurudi. Vali iliyogeuzwa haitoi hewa kabisa.

Kwa mfumo wenye tangi la pili chini, kimo cha tangi la juu hakisemi lolote, kwa sababu maji yake hushikiliwa na kizingiti. Upotevu wote huonekana kwenye chumba cha pampu ya kurudishia maji, na kwa kuwa chumba hicho ni chembamba, lita moja tu inaweza kukishusha sana na kumtia mtu hofu bure. Pima hapo, ukitumia urefu na upana wa chumba hicho. Kagua pia mahali bomba linapopenya kioo. Gasketi, yaani mpira bapa wa kuzibia, hukaa upande wenye kola pana, kwa kawaida ndani ya maji, na nati hukazwa kwa mkono kisha robo mzunguko. Kukaza zaidi kwa spana hakuzibi mvujo. Kunapasua kioo.

Mambo mawili yasiyo mvujo hata kidogo. Tangi jipya hushuka siku ya kwanza na ya pili kwa sababu hewa inatoka kwenye changarawe, na magogo makavu na mawe yenye vinyweleo yanakunywa maji. Na maji yakiwa baridi kuliko hewa yenye unyevu, kioo kinatoka jasho. Lifute: jasho hurudi kioo kizima kwa pamoja, ilhali mvujo hurudi kwenye mstari au nukta moja.

Kioo na maungio

Yote hayo yakiondolewa, tunabaki na kioo. Futa tangi lote kwa nje hadi likauke, panga vipande vya tishu kuzunguka kitako chote, vikigusa kioo, na uviandike namba. Kumbuka kwamba maji hutembea kwenye ukingo wa chini na ndani ya fremu, hivyo tone linaweza kudondoka mbali kabisa na lilipotokea. Mulika tochi kwa pembeni ukitafuta mstari mweupe wa chokaa, silikoni iliyobanduka, au mapovu ndani ya ungio. Pembe za chini ndizo huumia zaidi, hasa pale wembe wa kukwangulia mwani ulipopita karibu mno, au pale meza isiyo sawa inapolisokota tangi.

Kama mahali hapaonekani, acha maji yakuonyeshe. Chomoa hita na usubiri nusu saa ipoe, kwani hita ya moto ikitoka majini inaweza kupasuka. Kisha acha kimo kishuke chenyewe. Msukumo wa maji hutegemea kina, kwa hiyo mvujo hupungua kasi kadiri maji yanavyoshuka, na hukoma yanapofika usawa wa tundu. Zungusha mstari pale yalipokoma na utafute kwenye usawa huo au juu yake kidogo. Yasipokoma, tatizo liko kitakoni. Mvuke hauna tabia hiyo. Unaendelea kwa mwendo uleule. Samaki wakianza kubanwa, simamisha jaribio na uwahamishe.

Ufa kwenye kioo hausubiri majaribio. Tangi la lita 112 limebeba kilo 112 za maji, na ufa unaweza kutambaa bila onyo. Toa maji mara moja hadi chini ya ufa, au yote kama ufa uko chini. Jaza ndoo za kutosha kwanza kwa ajili ya samaki, na sponji ya filta iwe ndani ya maji hayohayo.

Ungio lililochoka linaweza kurekebishwa tangi likiwa tupu na kavu. Kupaka kwa nje hakusaidii, kwa sababu maji yanasukuma kutoka ndani na kuibandua. Tena silikoni mpya haishiki vizuri kwenye ya zamani, kwa hiyo kiraka kidogo hushindwa pale inapokutana na ya kale. Kwangua mshono wote wa ndani kwa wembe, bila kuchoma silikoni iliyo katikati ya vioo viwili, kwani hiyo ndiyo inayoshikilia tangi. Futa kwa asetoni au alkoholi ya isopropili mara mbili. Weka utepe wa karatasi pande zote mbili za mshono, paka silikoni halisi asilimia 100 isiyo na dawa ya ukungu, laini kwa kidole kwa mwendo mmoja, na uvute utepe kabla ngozi haijafanyika juu yake, dakika chache tu. Harufu ya siki ni ya kawaida kwa silikoni ya aina hii. Ipe saa 48 kwa mshono mwembamba na wiki nzima kwa ulio mnene au chumba kikiwa baridi. Ikiwa silikoni ya katikati ya vioo ndiyo iliyoachia, mshono wa ndani utakupa muda tu. Tangi hilo lifunguliwe na kuunganishwa upya, au libadilishwe.

Kisha lijaze nusu, juu ya meza iliyopimwa kwa pimamaji, bila hita, bila filta na bila samaki, tishu zikiwa zimepangwa kitakoni. Baada ya saa 24 lijaze lote na uliache saa 48 nyingine, bakuli likiwa ndani na alama mbili zikiwa zimechorwa. Samaki warudi pale tishu zikiwa kavu na tangi na bakuli vimeshuka sawasawa.